Kichwa Kilichoachwa Nusu

Mnaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani ujanani, na mkiuliza mnatazamana, kwa sababu mmeshasikia kwa mama zenu kwamba bibi yenu alikuwa mtu wa kuzunguka. Ni kweli. Nimelala Matombo, nimelala Kinole, nimelala Mgeta kwenye baridi inayouma meno, nimelala Mzumbe na Dumila, na kwingine ambako nikikutaja mtasema naota. Lakini sikuzunguka bure. Nilikuwa msusi. Nawaambia mapema kwamba haya nayaandika nikiwa na hasira, msije mkasema bibi kabadilika katikati. Hasira yenyewe ni ya zamani na sina mpango wa kuiacha.

Juzi nilimkuta mjukuu wangu mmoja amejifungia chumbani anajisuka. Simu kaiegemeza kwenye kikombe, anamfuata mwanamke wa kwenye video, rasta zimetapakaa kitandani kama mkia wa farasi aliyechinjwa. Kajivuta nywele za paji la uso mpaka ngozi imetoka vipele. Nikamwambia, "Unajisuka au unajinyonga?" Akasema, "Bibi, ndiyo inavyokaa nadhifu." Nadhifu. Mwaka kesho hizo nywele za mbele zitakuwa zimehama, na zikihama hazirudi kwa kuombwa.

Basi kabla ya mengine, shikeni hili. Ukijisuka mwenyewe, kioo kiache ukutani. Kioo kinageuza kulia kuwa kushoto, na kisogoni hakikuonyeshi kitu. Macho ya msusi yako kwenye ncha za vidole. Anza nyuma wakati mikono bado ina nguvu. Wengi mnaanza mbele kwa sababu mnataka kujiona mmependeza upesi. Mkifika kisogoni mikono imekufa ganzi, mnasuka ovyo, na kisogo ndicho watu wanachokitazama ukishawapita. Nywele ya kuunga ikunje katikati, lile kunjo likalishe kwenye mzizi, mkia mmoja kulia, mmoja kushoto, na nywele zako mwenyewe zishike katikati. Suka vidole vikiwa karibu na ngozi, halafu shuka nao. Ukiona sura yako imeshangaa na hakuna jambo lililotokea, umekaza mno. Fumua.

Hayo hakunifundisha mtu. Niliyapata kwa kuwa peke yangu. Kusuka kichwa cha mwenzangu, huko ndiko nilikofundishwa, na aliyenifundisha ndiye anayenifanya niandike.

Shule niliiacha darasa la nne. Si kwa ujinga. Mwalimu alisema swali moja kwa siku linatosha, na mimi nilikuwa nayamaliza ya wiki kabla ya saa ya uji. Nikashuka milimani kwenda kwa mjomba wangu, aliyekuwa anakata mkonge kwenye shamba moja kubwa huku bondeni. Nilitaka kuona lile jani lenye miiba linavyogeuka kamba. Siku ya kwanza nilisimama kwenye kinu wanachokamulia majani, wenyewe walikiita korona, mpaka msimamizi akanifukuza. Kesho yake nikarudi.

Kwenye kambi ya wafanyakazi ndiko alikokuwa anaishi Binti Salehe. Mwanamke mrefu, mjane, sauti nzito. Aliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ya brashi, wanakochania katani ikishakauka, na alipotoka pale alitoka na wazo. Zile nyuzi zinazoanguka chini na kufagiliwa, yeye alizikusanya, akazifanya nywele.

Msicheke. Hizo rasta zenu hazikuwepo. Uzi mweusi ulikuwa wa kubahatisha. Binti Salehe aliloweka katani kwenye maji ya majivu, akaiponda kwa mti, akaiosha mtoni, akaiponda tena mpaka ikalala mkononi kama kitu kilicho hai. Rangi tuliipata kwa wanawake wanaosuka mikeka: magome ya kuchemsha, halafu tope jeusi la bondeni, inalala humo mpaka inywe weusi. Mimi ndiye niliyekwenda kuwauliza wale wanawake, na niliwauliza mpaka mmoja akanipa ukili nishike ili ninyamaze.

Kitu kimoja kuhusu katani: maji yake ya kijani yanawasha. Usipoyatoa yote, utayajutia. Sisi tuliyajutia Mgeta.

Tulipandia Mzumbe, tukafika kwenye kijiji cha misheni karibu na Pasaka. Kulikuwa na dada mmoja, Skolastika, mlima mboga, kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya. Akatuletea wenzake wote. Wasichana wengi, katani chache, na ile tuliyokuwa nayo tuliiosha haraka kwa kuwa maji ya Mgeta yanakata mikono. Tukawasuka, wakang'aa, tukajisifu. Pasaka ikafika. Kanisa limejaa, kwaya imesimama, wimbo wa kwanza salama. Wa pili, jasho likaanza. Nikamwona Skolastika anajikuna kwa kona ya kitabu cha nyimbo. Kisha mwingine, kwa kalamu. Kufika wimbo wa sadaka, safu nzima mkono mmoja umeshika kitabu na mmoja uko kichwani, na wanaimba hivyo hivyo, wanawake wale, hawakukosa noti.

Padri akatuita baada ya misa. "Mama, umewatia watoto wangu chawa?"

"Chawa hapana, baba," akasema Binti Salehe. "Nimewatia mkonge."

Hakujitetea zaidi. Aliwakalisha wote ukingoni mwa kijito, akawafumua mmoja mmoja, akawaosha vichwa kwa mikono yake, akawapaka mafuta ya nyonyo. Skolastika alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Binti Salehe," akasema, "bora ungetutia chawa. Chawa wanalala usiku." Kisha, maana wale wasichana walibeba matenga ya kabichi kichwani kila siku ya gulio, akatuonyesha tulichokosea kingine: tulikuwa tumepanga mafundo ya kuungia utosini, pale pale ngata inapokaa. Anayebeba mzigo umpasulie njia zikwepe utosi. Nenda kaone leo wasusi wa mjini kama kuna hata mmoja anayemuuliza mteja, "Unabeba nini?"

Huyo Binti Salehe ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Tulitofautiana jambo moja tu, nalo ni hili la kujisuka. Yeye aliliona karibu na dhambi. "Mwanamke anayejisuka anatangaza kwamba hana watu," aliniambia. "Kinyozi hajinyoi, Mwanaidi."

"Kinyozi ana nyumba," nikamjibu. "Ana jirani. Mimi leo niko Kinole, kesho Matombo. Nikisubiri watu nitatembea kama kichaka, na nani atampa msusi mwenye kichaka kichwa chake?"

Alinigeuza, akanipapasa kisogo. "Njia zimepinda," akasema. "Lakini zimeshika." Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa, na hakurudia.

Baadaye alihamia mjini, Mwembesongo, kwenye nyumba ndogo aliyoachiwa na mama yake, yenye baraza linalotazama njia. Hapo ndipo alipofanyia kazi miaka mingi. Mimi nilikuwa naingia na kutoka. Ndiyo miaka ile ya foleni, duka la ushirika likileta sukari unasikia kwa mbio za watu. Uzi haukuwepo kabisa. Tulinunua masweta ya kafaulaya, zile nguo kuukuu za wazungu tulizodhani wenyewe wamekufa, tukayafumua, tukaosha sufu, tukaitia rangi, tukaungia nywele. Mwanamke anaweza kuwa na kichwa kilichowahi kuwa mgongo wa baba wa mtu huko Ulaya. Sweta la kijani lilikataa kabisa kushika weusi, likatoka rangi ya mwani, na kwa mwezi mzima Mwembesongo nzima ikataka rangi ya mwani.

Wakubwa walituambia kila mtu afanye kazi. Mimi sikuwa na ugomvi na neno hilo. Tulikuwa tunaamka alfajiri kuosha sufu, tunasuka mpaka migongo inalia. Ugomvi ulikuja walipoanza kuchagua ipi ni kazi. Shamba ni kazi. Ofisi ni kazi. Kiwanda ni kazi. Mwingine yeyote ni mzururaji, na mzururaji anapakiwa lori, anapelekwa mashambani akalime.

Lori lilikuja asubuhi. Binti Salehe alikuwa barazani anamsuka Mama Zubeda. Huyu Mama Zubeda alikuwa mzaliwa wa Kinole, mke wa afisa mmoja mkubwa pale mjini, na afisa huyo ndiye aliyekuwa anasimamia kazi hiyo hiyo ya malori. Mkewe alikuwa mteja wetu wa zamani, tangu hajaolewa. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, mistari imenyooka, sufu imelala. Upande wa kulia umesimama wote. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini najisuka mwenyewe.

Wakashuka vijana wawili na mzee mmoja mwenye kofia. Kijana akamkabili Binti Salehe.

"Ndugu, kazi yako nini?"

"Huoni mikono yangu ilipo?"

"Nauliza kazi, mama."

"Nasuka."

"Hizo soga za barazani sikuziuliza. Mume wako anafanya kazi wapi?"

"Kaburini."

Wa pili akacheka, mzee wa kofia akamtazama, akaacha. "Panda lori," akasema mzee.

Kijana akamgeukia Mama Zubeda. "Na wewe, ndugu?" Mama Zubeda akataja jina la mumewe. Hakulitaja kwa sauti. Yule kijana alinyooka kama amepigwa ngumi ya mgongo. "Shikamoo, mama."

Halafu akanifikia mimi. "Wewe?"

"Mimi najisuka."

Akamtazama mzee wa kofia. Mzee akafikiri, nawaambia alifikiri kabisa, akasema, "Mtu kujisuka kwake nyumbani si kosa. Mwache."

Mmesikia? Mikono ile ile, sufu ile ile, baraza lile lile. Ukikigusa kichwa chako wewe ni raia mwema. Ukikigusa cha mwenzako, wewe ni mzururaji. Nimezunguka sana na nimeuliza maswali mengi, na sijapata mtu wa kunieleza hilo.

Binti Salehe alipanda lori na chanuo mkononi. Alisema jambo moja tu, na hakunisemesha mimi. Alimtazama Mama Zubeda akasema, "Kichwa chako usimpe mtu." Likaondoka. Mama Zubeda alibaki kwenye kigoda, nusu amesukwa nusu hajasukwa. Nilimwambia, "Ungesema na yeye yumo kwenye jina la mumeo." Akasema, "Sikuwahi." Nikamwambia, "La kwako uliwahi."

Sasa mjue desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja, mkono mwingine haukimalizii. Ukikimalizia, kitauma upande mmoja, na aliyekimalizia atakosa wateja. Na kukifumua bila idhini ya aliyekianza ni kumtukana mbele za watu. Mkisema ni ushirikina, semeni. Mimi nasema mikono miwili haikazi sawa, na hilo linatosha kuuma kichwa. Vyovyote iwavyo, kila msusi wa Morogoro alilishika, na Mama Zubeda, mtoto wa milimani, alilishika kuliko wote.

Habari ikaja kwamba Binti Salehe amepelekwa ng'ambo ya Dumila, kijiji kipya, kwenye pamba. Watu walisema anaumwa mgongo, hawezi kuinama, na kuinama ndiyo pamba yenyewe. Nyumba yake ya Mwembesongo ilikuwa na mimi tu ndani. Nilijua ikikaa tupu itagawiwa. Kwa hiyo mimi, mtu wa kuhamahama, nikakaa. Nadhani ni mara pekee maishani mwangu niliyokaa mahali kwa hasira.

Huku mjini kulikuwa na sherehe inakuja, na wake za wakubwa walitakiwa mstari wa mbele kupokea wageni. Mama Zubeda akatoka na kitambaa kichwani kutafuta msusi. Alikwenda kwa mama mmoja wa Kichangani, akakataliwa. Akaenda kwa mwingine wa Mji Mpya, akafungua kitambaa, yule mama akatazama akasema, "Huo ni mkono wa Binti Salehe. Mrudishe aje amalizie." Akazunguka mji mzima hivyo. Mwisho akatuma niitwe nyumbani kwake.

Nyumba yenye viti vya mbao vya kung'aa. Mumewe alikuwa chumba cha pili, redio inasema kuhusu mavuno. Mama Zubeda akanikaribisha chai yenye sukari, nikajua shida ni kubwa.

"Mwanaidi," akasema, "wewe ni mwanafunzi wake. Mkono wako ndio mkono wake. Nimeuliza watu wazima, wanasema ukimalizia wewe haina madhara."

Ni kweli, desturi inakubali hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mmoja mjini mwenye haki ya kukishika kile kichwa. Na alijua kwamba najua.

"Mama," nikasema, "mimi siwezi kukusuka. Nitapakiwa lori."

"Nani atakupakia humu ndani?"

"Sijui. Muulize mwenye redio. Nilichosikia kwa masikio yangu ni kwamba kujisuka mwenyewe si kosa. Nitakufundisha ujisuke."

Alidhani natania. Nikampa sufu, nikampa chanuo, nikakaa nimekunja mikono. "Anza nyuma," nikamwambia. "Pasua njia kwa kidole gumba. Kunja sufu. Kalisha."

Alijaribu. Njia ikaenda ikapotea, kama ya mlevi. Sufu ikateleza ikaanguka chini. Akaiokota, akaanza tena. Mikono iko juu, damu inashuka, vidole vinapoteza akili. Nikamwambia, "Usishushe mikono, ukishusha unapoteza mzizi." Akavuta, akajiumiza, machozi yakamtoka. Mstari mmoja ulikaa vizuri, akafurahi, akaugusa, ukafumuka. Akajaribu tena. Chai ilipoa. Mwisho alitupa chanuo sakafuni, akashika mabega yake mwenyewe.

"Jamani," akasema, "hii kazi."

"Umesema nini, mama?"

"Nimesema ni kazi. Mabega yanawaka moto."

"Rudia kidogo, mumeo asikie. Redio iko juu."

Redio ikazimwa. Bwana akatoka. Mtu mfupi, mwenye adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Dada," akasema, "nani kakwambia uje kunifundishia siasa nyumbani kwangu?"

"Shikamoo, bwana. Nimeitwa kusuka. Na kwa kuwa si kazi, sifanyi."

"Lori lipo, unajua."

Sikupata nafasi ya kujibu. Mama Zubeda alikuwa ameshasimama, kitambaa kimeanguka, nusu ya kichwa imelala na nusu imetimka kama kuku wa mvua. "Basi na mimi nipandishe," akamwambia mumewe. "Wiki yote hii sina nilichofanya, nimezurura Kichangani, nimezurura Mji Mpya, natafuta mtu unayesema hafanyi kazi. Nipandishe, baba Zubeda. Au nitasimama mstari wa mbele hivi hivi, na wageni wako wakiniuliza nitawaambia msusi wangu analima pamba yako."

Bwana alimtazama, akanitazama. Akasema atafikiria. Kwa wakubwa, kufikiria maana yake wameshashindwa ila hawataki kuonekana.

Binti Salehe alirudi na Landrova, juu ya magunia ya mahindi, amekonda, kichwa kimefungwa kanga. Mikono yake ilikuwa imechanika kwa vikonyo vya pamba, akaipaka mafuta jioni nzima ili isinase sufu. Kesho yake alimalizia kichwa cha Mama Zubeda. Alisuka upande wa kulia hata mimi niliyekuwepo sikuweza kuona mahali alipoachia na mahali alipoanzia.

Bwana alikuja mwenyewe kumwambia namna atakavyokaa mjini. "Nimekuombea nafasi ofisini," akasema. "Utakuwa mfagiaji. Utapewa kitambulisho. Ukiulizwa, wewe ni mfagiaji."

"Nifagie wapi?" akauliza Binti Salehe.

"Hutafagia. Kaa kwako, endelea na mambo yako. Ila ukiulizwa."

"Kwa nini nisiseme nasuka?"

"Kwa sababu hatuna nafasi ya msusi," akasema, kwa adabu ile ile. "Nafasi iliyopo ni ya mfagiaji."

Nilidhani atakataa. Nilitaka akatae. Alipoondoka yule bwana nilimpigia kelele mwalimu wangu, nikamwambia amewauzia jina. Aliniacha nikamaliza. Halafu akasema, "Mwanaidi, kule nililala chini ya turubai na wanawake wasiojua jina langu, mgongo umenikatika, na usiku nawaza kama paa langu linavuja. Wewe unaweza kulala popote. Mimi nataka kulala hapa. Waniite wanavyotaka."

Alikuwa na haki yake. Sikumsamehe yule bwana, na yeye sikumkasirikia tena, lakini pale sikukaa. Nilipanda milima. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha wanawake kujisuka wenyewe, maana hilo lilikuwa halali. Kinole, Matombo, Mgeta kwa Skolastika, nikawakalisha jikoni, kioo pembeni, mikono nyuma. Watu waliniambia, "Unajiua mwenyewe, ukiwafundisha wote nani atakulipa?" Niliwaambia akija mtu wa kofia kuuliza kazi yao nini, wawe na jibu. Ndiyo maana bibi zenu wa milimani wanajua kujisuka kisogo bila kioo. Si urembo tu. Mjue ilitoka wapi.

Na nyie sasa mnaitwa wajasiriamali. Mnapewa semina, mnapewa chai na chapati na kofia yenye maandishi. Mtu anasimama anawaambia ususi ni ajira. Nikimsikia natamani kumrushia kigoda. Sina chuki na nyie. Jengeni saluni, wekeni viti vinavyozunguka. Lakini msikubali mtu awaambie kwamba kazi hii imeanza siku aliyoigundua yeye.

Binti Salehe alizeeka kwenye baraza lile, anasuka kila siku, mfagiaji asiyewahi kushika ufagio wa ofisi. Aliugua muda mfupi. Nilikuwa Dumila nilipopata habari, nikafika asubuhi ya maziko. Wanawake tukaingia kumwosha, mimi, Mama Zubeda ambaye naye alikuwa mzee sasa, na jirani mmoja anayejua sheria zake. Dini yetu inasema mwanamke akishaoshwa nywele zake zisukwe mikia mitatu, ilazwe nyuma yake. Jirani akanitazama, akasogea, akaniachia kichwa.

Zilikuwa laini, nyeupe zote, chache. Hakuna cha kuungia hapo, unasuka zilizopo. Nilipasua njia kwa kidole gumba, nikasuka mkia wa kwanza bila kukaza.

Nje wanaume wamekaa kwenye majamvi. Mtu wa ofisi alikuwa ametumwa kuleta rambirambi, na dirisha lilikuwa wazi, tukamsikia vizuri. Alisema ofisi imepoteza mfagiaji hodari, mtiifu, aliyewahi kazini kila siku. Akasema wafagiaji wengine waige mfano wake.

Mama Zubeda aliweka chini kata ya maji. "Nitoke nikamwambie?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilikuwa nimeshika mkia wa pili, vidole viko kwenye mzizi.

"Subiri," nikamwambia. "Kazi haijaisha."